Bastola mpya: itegemewe lini? Maswali ya wamiliki wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe

Ukurasa huu ni wa watu wenye leseni: wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma, wenye viwanda vya mbao Mafinga, wakulima wa mpunga wa Mbarali, wachimbaji wa Chunya. Wengi wamepitia serikali ya mtaa, wamepitia polisi, wamesubiri sana na kulipa fedha nyingi. Siku bastola inapofika mikononi wanaifungia kwenye sefu bila kuipiga hata risasi moja, wakiamini kwamba mpya maana yake ni nzima. Hilo linanisumbua kuliko jambo lingine lolote, na ndilo lililonifanya niyajibu maswali haya kwa kirefu. Bastola ambayo hujaipiga kwa magazini yako (kile kisanduku cha kujazia risasi) na kwa risasi utakazotembea nazo bado hujaijua.

Je, ni kweli bastola mpya inahitaji muda wa kulainika?

Mara nyingi ndiyo, ila inategemea aina. Bastola ya kujijaza yenyewe hufanya kazi nyingi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Risasi ikitoka, slaidi (kile kipande cha juu) inarudi nyuma, ukucha unalivuta ganda kutoka kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), ganda linarushwa nje, springi inaisukuma slaidi mbele, na slaidi inachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba. Kila hatua ina chuma kinachosugua chuma. Silaha ikiwa mpya, nyuso hizo bado zina mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani, na springi bado ni ngumu. Ni kama pikipiki mpya ambayo fundi anakwambia usiikimbize mwanzoni: vyuma vinahitaji kuzoeana.

Kuna tofauti kubwa kati ya kiwanda na kiwanda. Kahr wanaandika kwenye kitabu chao cha maelekezo kwamba bastola yao ipigwe risasi 200 kabla ya kuhesabiwa kuwa ya kutegemewa kwa ulinzi. Bastola za mtindo wa 1911 zilizobanwa sana kwa ajili ya shabaha nazo zinajulikana kwa kuhitaji kulainishwa. Glock kwa upande wao hupaka grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi na kukuomba usiifute, kwa sababu inasaidia sehemu hizo katika siku za mwanzo. Watu wengi huifuta wakidhani ni uchafu wa ghalani.

Soma kitabu cha maelekezo cha bastola yako. Kama umeuziwa bila kitabu, kidai.

Nipige risasi ngapi ndipo niiamini?

Jibu la kawaida duniani ni kati ya 200 na 500. Lakini jibu hilo limetoka kwenye nchi ambako mtu ananunua risasi kwa maboksi. Kwetu risasi ni ghali, na idadi unayoruhusiwa imefungwa na kibali chako. Kwa hiyo ni vizuri kuelewa idadi hiyo inakupa nini hasa.

Ukipiga risasi 10 zote zikaenda vizuri, kihesabu bado inawezekana kabisa kwamba bastola yako inakwama mara moja kwa kila risasi 4. Ukipiga 50 bila tatizo, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba hitilafu hazizidi kama 6 katika kila 100. Ukifika 200 bila tatizo, kiwango hicho kinashuka hadi kama 3 katika kila 200. Ndiyo maana namba 200 inarudiwarudiwa.

Ona pia kinachotokea mwanzoni kabisa mwa hesabu hiyo. Kutoka 10 kwenda 50 umepata uhakika mkubwa kwa risasi 40 tu. Kwa hiyo anayesema "siwezi kupata 200, basi sipigi kabisa" anajinyima sehemu yenye faida kubwa kuliko zote.

Nina risasi chache. Nizitumieje?

Hili ndilo swali la Nyanda za Juu Kusini, na majibu mengi yaliyoko mtandaoni hayaligusi.

Kwanza, kazi kubwa ya kulainisha inaweza kufanyika bila risasi hata moja. Ondoa magazini. Angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole, kwenye chumba ambacho hakina risasi kabisa. Halafu vuta slaidi hadi mwisho na uiachie irudi kwa nguvu yake. Usiisindikize kwa mkono. Rudia jioni kadhaa, ukiwa umeipaka oili. Utasikia tofauti kwa mkono wako mwenyewe: ile hali ya kukwaruza kama mchanga inapungua na slaidi inaanza kuteleza. Springi za magazini nazo unaweza kuzizoesha kwa kujaza na kutoa risasi mara kwa mara, lakini kazi hiyo ifanyike mbali na bastola.

Pili, zile risasi unazopiga kweli zigawe kwa makusudi. Kama una 100, mimi ningefanya hivi. Hamsini ziwe za kawaida za bei nafuu, zenye kichwa kilichofunikwa chuma chote, upige taratibu kwa mikono miwili. Nyingine 20 piga kwa mkono mmoja, kwanza wa kulia halafu wa kushoto, kwa sababu siku ya tatizo la kweli mkono wa pili unaweza kuwa umeshika mtoto au mlango. Zilizobaki 30 ziwe zile zile utakazotembea nazo, boksi lile lile ukiweza. Bastola inayomeza vizuri risasi zenye kichwa cha duara inaweza kukataa zenye kichwa bapa au chenye shimo, kwa sababu kichwa hicho kinagonga mdomo wa chemba kwa pembe tofauti.

Tatu, andika. Weka namba kwenye kila magazini kwa kalamu ya wino usiofutika, 1 na 2. Kila hitilafu iandikwe: risasi ya ngapi, magazini ipi, risasi aina gani, na ulichokiona. Mtu asiyeandika anarudi nyumbani na kauli moja tu, "ilikwama kwama", na kauli hiyo haimsaidii fundi wala muuzaji. Daftari la shule linatosha.

Kabla ya kuipiga mara ya kwanza nifanye nini?

Ifungue kama kitabu kinavyoelekeza, isafishe (ila ile grisi ya shaba ya Glock iache), ipake oili. Bastola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mafuta mazito ya kuzuia kutu, na mafuta hayo si ya kulainisha. Angalia ndani ya mtutu kwa tochi. Hakikisha hakuna kitambaa wala kipande cha plastiki cha kusafirishia.

Oili iwe kidogo, mahali panapong'aa kwa kusuguana: reli nne za slaidi, sehemu ya juu ya mtutu, na pale mtutu unapofungana na slaidi. Tone moja moja linatosha. Usipake ndani ya chemba, na usiache oili kwenye magazini, kwa sababu oili inayopenya kwenye kiwashio cha risasi inaweza kuiua risasi hiyo.

Bastola inakwama. Nianzie wapi?

Kwanza kabisa mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha na kidole kitoke kwenye triga. Ukivuta triga na ikabofya bila mlio, subiri sekunde 30 ukiwa umeielekeza mahali salama, kwa sababu ipo risasi inayochelewa kulipuka. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha kabisa. Inawezekana kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi. Toa magazini, toa kilichomo kwenye chemba, fungua bastola na utazame mtutu kwa mwanga.

Baada ya hapo, tafuta chanzo kwa mpangilio huu: magazini, risasi, mkono wako, oili, na mwisho kabisa bastola yenyewe. Watu wengi huanza na la mwisho.

Kama hitilafu zote zimeandikwa kwenye magazini namba 2, umeshapata jibu. Midomo ya magazini ikipinda kidogo tu, risasi inapanda kwa pembe mbaya na pua yake inagonga chini ya chemba. Magazini mpya iliyojazwa hadi mwisho kabisa nayo huleta shida, kwa sababu risasi ya juu inabanwa mno slaidi isiweze kuitoa. Jaza pungufu ya moja kwa muda, uone kama tatizo linaondoka.

Hitilafu ambayo ningependa kila mmiliki aijue kwa macho ni ile ya ganda kusimama. Slaidi imejaribu kujifunga, na ganda tupu limebanwa kwenye tundu la kutokea, wima, mdomo wake ukitazama juu. Maana yake slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha kulirusha. Sababu ni chache: risasi dhaifu, springi mpya iliyo ngumu, ukavu, au mkono uliolegea.

Mkono unaingiaje? Bastola si ni mashine?

Ni mashine inayokutegemea wewe uwe ukuta wake. Slaidi inarudi nyuma kwa kulinganisha na fremu uliyoishika. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, na safari ya slaidi inakuwa fupi. Ganda halirushwi, au risasi inayofuata haichukuliwi. Bastola ndogo na nyepesi za plastiki zinaumia zaidi na jambo hili kuliko zile kubwa za chuma, kwa sababu slaidi yao ina safari fupi na springi yao ni ngumu.

Mpe mtu mwingine mwenye leseni na uzoefu aipige magazini moja, hapo hapo uwanjani, mkiwa na anayesimamia. Kwake ikienda bila shida, bastola haina tatizo. Nimeona watu wazima wenye nguvu, wabeba magunia, wakipatwa na hili, kwa hiyo usilichukulie kama aibu. Ni namna ya kushika tu, na inafundishika: kiganja kiwe juu kabisa ya mpini, kiwiko kisilegee, na mkono wa pili uzibe nafasi iliyobaki.

Risasi yoyote ya milimita 9 inafaa?

Hapana, na hapa naomba uwe makini sana. Zipo risasi tatu ambazo watu wetu huziita "tisa" zote. Ya kawaida ni 9×19, ile ya Parabellum iliyoanza mwaka 1902. Ipo 9×18 ya Makarov, ambayo kichwa chake ni kinene zaidi, kama milimita 9.27 dhidi ya 9.01. Na ipo 9×17, inayoitwa pia .380. Haziingiliani. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au slaidi, kisha soma kitako cha ganda, na maandishi hayo mawili yalingane.

Ndani ya 9×19 yenyewe, uzito wa kichwa hutofautiana, na wa kawaida ni kama gramu 7.5, 8 na 9.5. Bastola mpya yenye springi ngumu mara nyingi hufurahia ile ya gramu 8 yenye nguvu kamili. Ukiona risasi nyepesi za bei ya chini zinakwama na hizo hazikwami, sababu ni springi, na itatulia yenyewe. Risasi zenye kutu, zenye ganda lililopinda au kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, zirudishe polisi. Usizijaribu.

Mwinuko wa Mbeya na baridi ya Njombe vinaathiri?

Mwinuko hapana. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni zaidi ya mita 2,500, lakini baruti ina oksijeni yake ndani na haitegemei hewa ya nje.

Baridi ndiyo. Mwezi Juni na Julai, asubuhi ambapo barafu inalala kwenye majani Makete na Njombe, grisi nzito inaganda na kuivuta slaidi. Bastola mpya, ambayo tayari ni ngumu, huonesha tatizo hili mapema. Miezi hiyo tumia oili nyepesi badala ya grisi.

La hatari zaidi ni kushuka. Mtu anatoka Uyole na baridi yake, anapita Tukuyu kwenye mvua, anafika Kyela karibu na Ziwa Nyasa ambako ni joto na unyevu. Chuma bado ni baridi, hewa ni ya joto, na maji yanajikusanya juu ya bastola na ndani yake, pale usipopaona. Ukifika, ifute, na usiifungie kwenye mfuko wa ngozi usiku kucha, kwa sababu ngozi inashika unyevu. Kutu ya siku chache kwenye reli za slaidi inafuta kazi yote ya kulainisha uliyoifanya.

Na vumbi?

Vumbi la Chunya ni gumu na linakata. Likichanganyika na oili nyingi linakuwa msasa. Pumba za mashine za mpunga Ubaruku na Igurusi, na unga wa mbao Mafinga, ni laini lakini hunyonya oili na kuiacha bastola kavu, huku zikijaa kwenye magazini. Kwa wanaofanya kazi maeneo hayo nashauri oili ipakwe kidogo kidogo lakini mara nyingi zaidi, na magazini ifunguliwe na kufutwa kwa kitambaa kikavu kila wiki. Wengi hawajawahi kufungua magazini zao hata mara moja.

Kila jioni natoa risasi kwenye chemba, asubuhi naingiza ile ile. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyojua. Kila slaidi inapoisukuma risasi kwenye chemba, kichwa chake kinagonga chuma. Ikirudiwa, kichwa kinazama kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na siku ukiipiga shinikizo linapanda kupita kiasi. Kwa kuwa risasi zetu ni chache, mtu anaweza kuingiza risasi moja kwa miezi.

Kuipima ni rahisi. Simamisha risasi hiyo mezani pembeni ya nyingine ya boksi lile lile ambayo haijawahi kuingia kwenye chemba, na uweke macho usawa na ncha. Risasi ya 9×19 haitakiwi kuzidi milimita 29.69 kwa urefu, na za boksi moja hukaribiana sana. Ukiona moja ni fupi kwa macho tu, itenge. Njia bora ni kupunguza kutoa na kuingiza, na kubadilishana risasi ya juu na nyingine za kwenye magazini.

Nikiacha magazini imejaa, springi itachoka?

Springi nzuri huchoka zaidi kwa kubanwa na kuachiliwa kuliko kwa kukaa imebanwa. Iache imejaa bila wasiwasi.

Naweza kuvuta triga bila risasi ili niizoee?

Kwa bastola nyingi za kisasa za 9×19, ndiyo, lakini soma kitabu kwanza. Kwa bastola za .22 usifanye hivyo mpaka kitabu kiruhusu, kwa sababu pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuharibika. Risasi bandia za mazoezi ni msaada mzuri. Kabla ya kuanza, risasi za kweli zitoke kwenye chumba hicho.

Fundi wa mtaani ananiambia atapiga msasa njia ya risasi iingie vizuri. Nikubali?

Usikubali. Fundi hodari wa pikipiki au wa magobole bado si fundi wa bastola yako. Njia ile ya kuingilia risasi ina pembe iliyokokotolewa, na chuma kikiondolewa hakirudi. Mbaya zaidi, kikizidi kuondolewa, ganda linabaki bila kushikiliwa upande wa chini na linaweza kupasuka. Kazi ya kutengeneza silaha ni ya mwenye leseni ya kazi hiyo. Pia ukichezea sehemu za ndani umejiondolea haki ya kuirudisha ulikonunua.

Ni wakati gani niirudishe kwa muuzaji?

Ndani ya risasi 50 za mwanzo, kukwama mara moja au mbili kunaandikwa na kusubiriwa. Baada ya 100, tatizo lile lile likijirudia kwa magazini zote mbili, kwa risasi nzuri na kwa mkono wa mtu mwingine, rudisha ukiwa na daftari lako.

Yapo mambo ambayo hayasubiri hata risasi ya pili. Bastola kutoa risasi mbili kwa kuvuta triga mara moja. Kutoa risasi bila triga kuguswa. Kizuizi cha usalama kutoshika. Ganda kutoka likiwa limevimba au limepasuka. Hapo hakuna kulainika. Ondoa risasi, ifunge, usimpe mtu ajaribu, na uwaarifu polisi waliosajili silaha yako kabla ya kuisafirisha kwenda kwa muuzaji.

Majaribio haya nifanyie wapi?

Muulize mkuu wa polisi wa wilaya yako ni uwanja gani wa shabaha unaoruhusiwa, na lini. Shambani, porini, au nyuma ya kiwanda hapana, hata kama kuna kilima. Kichwa cha 9×19 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na milima yetu ina wachungaji na wakata kuni kila kona.

Niliyonunua si mpya, ni ya mtu aliyeihamisha kisheria. Nayo inahitaji haya?

Kulainika haihitaji. Kujaribiwa inahitaji, pengine kuliko mpya, kwa sababu hujui imepigwa risasi ngapi wala nani aliifungua. Anza kwa kubadilisha springi ya slaidi na springi za magazini kwa za kiwanda chake. Ni vipuri vya bei ndogo ukilinganisha na bastola yenyewe, na ndivyo vinavyochoka kwanza. Kagua ukucha wa kuvuta ganda kama ncha yake haijavunjika, kisha ichukue kama mpya: daftari, magazini zenye namba, na zile risasi 30 za kutembelea ziwe za mwisho kupigwa.